Jetoni ya soko na ubao wa hesabu

(Neno lililotolewa mbele ya wanachama na wafadhili katika mkutano mkuu wa chama)



Nimeombwa niseme juu ya leta na sisi raia. Nikajiuliza niseme nini ambacho hamukijui. Mama anayeuza dagaa analipa jetoni kila siku ya soko, na mvua ikinyesha anasimama kwenye matope yale yale ya mwaka jana. Sasa wanachama wengine wanasema tuache kulipa. Nao wafadhili wanatuuliza: kwa nini tujenge sisi choo cha soko, kama soko linalipisha watu kila wiki? Maswali yote mawili ni ya haki, na yanatoka mahali pamoja: hakuna anayejua zile franga zinaenda wapi.

Tukumbuke kule tulikotoka. Kambini, iwe Nyarugusu ao Lugufu, hatukuwa na kitu. Lakini siku ya kugawa posho tuliambiwa: unga kiasi hiki kwa mtu, maharagwe kiasi hiki, mafuta kiasi hiki. Mama ambaye hakusoma alimtuma mtoto wake amsomee, halafu akaenda kugombana kwenye mizani. Kugombana kule kulikuwa kuzuri, kwa sababu alijua haki yake ni kilo ngapi. Hapa sokoni hatugombani. Tunanyamaza, tunapita njia ya nyuma ili tusikutane na mtu wa jetoni. Mimi naona hii ni mbaya zaidi.

Chama chetu chenyewe kinaishi kwa daftari. Mukutano ukifunguliwa, mweka hazina anasoma: fulani ametoa, fulani bado, mgonjwa fulani amesaidiwa kiasi hiki. Daftari lingekuwa linafichwa, nani angetoa mchango wa mwezi wa pili?

Mutaniambia leta si likelemba. Ni kweli, lakini jambo hili limekwisha kujaribiwa, tena katika jimbo letu. Mwaka 1989, mji wa Porto Alegre kule Brazili ulianza kuita watu wa mitaa wachague wenyewe sehemu ya bajeti ya mji itumike kwa kazi gani. Miaka ishirini hivi baadaye, Kivu ya Kusini ilijaribu njia hiyo kwa musaada wa Benki ya Dunia, katika komini ya Ibanda pale Bukavu, katika Luhwinja na sehemu zingine. Watu walipata mesaji kwenye simu kuwaita mukutanoni. Walikaa, wakabishana, wakachagua kazi, kisha mesaji ikawajulisha ni kazi gani imepita. Benki ya Dunia iliandika kwamba watu walianza kulipa kodi za mahali kuliko mbele. Walianza kulipa kwa sababu waliona, si kwa sababu walihubiriwa.

Wageni wengi wakisikia habari hii wanapenda ile simu. Mimi sipendi tuishie kwenye simu. Mesaji haitengenezi mufereji. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema sehemu ya majimbo katika mapato ya taifa ni asilimia 40, tena ikatwe hapo hapo inapokusanywa. Munajua wenyewe vile mambo yanaenda: franga zinapanda Kinshasa, zinarudi kidogo, zinarudi kwa kuchelewa, ao hazirudi. Raia wakichagua kazi na kazi isifanyike, wamedanganywa mara mbili, na mukutano wa tatu hawatakuja. Ndiyo maana nasema tuanze na franga ambayo haipandi mbali, ile inayokusanywa asubuhi na kuhesabiwa jioni. Ndiyo jetoni.

Naomba jambo moja. Ubao usimamishwe sokoni. Kila mwezi uandikwe jetoni ngapi zimeuzwa, franga ngapi zimeingia, zimefanya nini. Chama kitoe mbao na rangi, karani wa soko aandike, na wauzaji wawili wahesabu pamoja naye vile vipande vinavyobaki kwenye kitabu cha jetoni. Sheria ya 2008 ilizipa sekta, shefferi na komini bajeti zao. Bajeti ya leta si siri ya mtu, hatuombi zawadi.

Hapo kuna neno ambalo halitafurahisha watu wote. Kuna muuzaji anayempa karani nusu ya bei bila kuchukua jetoni, na wote wawili wanarudi nyumbani wanacheka. Ubao ukisimama, muchezo huo utaonekana pande zote mbili. Tusiende kwa mukubwa wa soko kama wasafi wanaomushitaki mwizi. Twende tukamwambie kwamba hesabu ikionekana, watu watalipa, naye atakuwa na kitu cha kuonyesha wakubwa wake. Karani naye ni mutu. Akikaa miezi bila mushahara, tusishangae anakula wapi.

Kwa wafadhili naomba musubiri. Choo cha soko kisijengwe mpaka ubao uwe umesimama miezi mitatu. Najua wamama watanikasirikia, maana wao ndio wanaoteseka siku nzima bila mahali pa kwenda. Lakini choo kile cha kwanza kilijengwa kwa musaada, hakuna aliyejua nani ananunua kufuli na sabuni, na leo mumeona kiko namna gani. Kama mukutano unaona miezi mitatu ni mingi, tubishane sasa hivi.

Watu watano wataenda kwa mukubwa wa soko siku ya Jumatano. Watatu wamekwisha patikana. Nafasi mbili ni za wauzaji, na moja lazima iwe ya mama wa dagaa. Karatasi ya majina iko kwa katibu, pale mlangoni.