Uhuru wa Kusomewa

Juma lililopita jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alipiga hodi kwangu akiwa na karatasi ya mkopo. Akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye kifungu cha riba alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, mbona mimi waliniambia vingine?" Alama ya dole gumba lake ilikwisha kuwekwa chini ya karatasi.

Hakuna aliyemlazimisha. Kisheria alikuwa mtu huru. Je, alikuwa huru kweli?

Swali kama hilo lilimshughulisha Mfaransa Condorcet, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa mwaka 1743. Wanafalsafa wengi wa zama zake walidai uhuru wa raia mbele ya wafalme. Naye aliudai, lakini aliona pengo. Asiyejua kusoma wala kuhesabu atamtegemea anayejua, hata kama sheria imetangaza kwamba wote ni sawa. Hakutaka kila mtu awe msomi mkubwa. Alitaka kila mtu ajue ya kumtosha asiwe mateka wa msomi.

Aprili 1792 aliwasilisha mpango wake bungeni mjini Paris: elimu ya ngazi 5, masomo yakiwa bila ada, kwa wavulana na wasichana, pamoja na masomo ya Jumapili kwa watu wazima. Tena alionya kwamba serikali igharamie shule, lakini isizigeuze kuwa mahali pa kukaririsha maoni yake. Hata katiba ifundishwe kama kazi ya binadamu, inayoweza kuhojiwa na kurekebishwa.

Siku zile zile Ufaransa iliingia vitani na Austria, na mpango ukawekwa kando. Mwaka 1793 ilitolewa amri ya kumkamata. Alijificha miezi kadhaa, na Machi 1794 alikutwa amekufa kifungoni. Ufaransa ilifuta ada katika shule za msingi za serikali kwa sheria ya mwaka 1881, karibu miaka 90 baadaye.

Sisemi kwamba kusoma ni kinga ya kila utapeli. Wasomi nao hutapeliwa. Lakini anayesoma mwenyewe hupata nafasi ya kusema "hapana" kabla ya kutia saini.

Jirani yangu anaendelea kulipa deni. Juzi alirudi. Safari hii hakuniomba nimsomee, aliniomba nimfundishe. Tumeanza na hesabu ya riba.