Siku Tatu za Kipupwe Kumsenga

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wetu kwenye chakula cha jioni cha mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenitaka niseme juu ya mapumziko niliyoyafurahia na jamaa yangu. Nadhani walitaka kicheko kabla ya chakula. Kicheko kidogo kitakuwapo, lakini nina neno jingine nimelibeba tangu 1986, na leo naomba nilitue hapa.

Mwaka ule nilikuwa nimehamishiwa Kigoma mjini. Saba Saba iliangukia Jumatatu, kwa hiyo wafanyakazi tulipata siku tatu mfululizo. Mwenzangu wa bweni, yule aliyelala kitanda cha chini mimi nikalala cha juu tangu Kidato cha Kwanza 1966, alikuwa mwalimu kwao Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Alikuwa akiniandikia kila mwaka: njoo na mama watoto, mje mwone nchi. Safari hii tukaenda. Tulipanda lori lililokuwa likifuata maharage, mke wangu na mtoto mdogo mbele kwa dereva, mimi na mkubwa juu ya magunia matupu. Tulichukua dagaa, dumu la mawese, chumvi ya Uvinza na miche miwili ya sabuni. Ninyi mnaokumbuka miaka ile mnajua kwamba aliyefika na sabuni alipokewa kama mkuu wa wilaya.

Nisichochukua ni mablanketi. Mimi ni mtu wa Korogwe, na Kigoma mjini ukiwa kando ya ziwa hujui kama Julai ni baridi. Lakini ukipita Kasulu unakwenda kwenye nchi iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua imekwisha tangu Mei, mbingu haina wingu la kuifunika ardhi, na joto lote la mchana hupanda juu jua likichwa tu. Tulishuka Kumsenga jioni mikono imekufa ganzi. Mtoto wangu mdogo, wa miaka mitano, alipoona mvuke unamtoka kinywani alilia, akidhani tumbo lake linaungua. Nyumba nzima ilicheka, naye akazidi kulia.

Tulipokewa, ndugu zangu, sina la kuongeza. Ugali wa muhogo, maharage, kuku, ndizi. Shemeji alimchukua mke wangu jikoni kama dada yake aliyepotea. Asubuhi ya Jumapili wazee wa jirani walikuja mmoja mmoja kutuamkia, "Mwakeye, mwakeye," na kila mmoja hakutaka kuondoka kabla ya kujua habari za ng'ombe wangu, ambao sikuwa nao.

Usiku ule wa kwanza mtoto hakulala kwa kutetemeka. Baba yake mwenyeji wetu, mzee aliyekuwa akilala chumba cha pili, aliingia bila kusema, akamfunika blanketi la kijivu lenye viraka, akatoka. Alfajiri nilipokwenda nje nilimkuta ameketi jikoni karibu na mafiga, amejifunika gunia. Lilikuwa blanketi lake la pekee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtoto amelala?"

Kiswahili chake kilinishtua. Hakikuwa cha Kigoma, kilikuwa cha kwetu, cha Korogwe, hata namna ya kuvuta maneno. Nikamwuliza amekipata wapi. Akasema, "Kwenye mkonge."

Mzee alikwenda mwaka 1948. Wengi mnajua habari hii, lakini vijana wetu hawaijui, basi nitaisema kidogo. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalihitaji watu kuliko waliokuwapo, na wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kutafuta wafanyakazi, SILABU, lililoanzishwa 1944. Buha ilikuwa mbali na soko, kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikuwapo. Ndipo lori lilipokuja. Reli ya Tanga ilikuwa bado haijaungana na Reli ya Kati (iliungana 1963, ndiyo maana sisi wa Tanga tuliweza kuja shuleni kwa treni tupu), basi wao walikwenda kwa treni, wakashushwa, wakapakiwa malori tena. Kila mtu aliandikwa namba. Ndilo lililowafanya wakaitwa manamba.

Alinieleza kazi ya kukata majani tangu usiku haujaisha, miiba ya mkonge, na mashine ya kusindika, ile iliyoitwa korona, neno ambalo siku hizi limepata maana nyingine. Zaidi alinieleza juu ya kipande. Kipande kilikuwa cha siku thelathini za kazi, na ulitakiwa kuzimaliza katika siku arobaini na mbili. Ukiugua, siku haiandikwi. "Na siku nyingine umekwenda kazini," akasema, "umemaliza, lakini karani hakukuona."

Kisha akaniuliza baba yangu alikuwa na kazi gani.

Nikasema, karani wa shamba.

Hakusema kitu. Alichochea moto. Nami sikumwuliza shamba gani, wala yeye hakuuliza. Hata leo sijui kama walipata kuonana.

Akasema blanketi lile alilinunua dukani Korogwe kwa fedha ya kipande chake cha mwisho, 1951, na mwaka uliofuata mwanawe alizaliwa akafunikwa humo. Halafu akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya mahindi: "Huko kwenu, bado mnatuita manamba?"

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni.

Nikajibu, "Hapana mzee. Siku hizi hakuna."

Ndugu Mwenyekiti, ninyi wa mkondo wetu mmekwisha kujua ninakokwenda. Jina ambalo shule nzima ilimwita mwenzetu kwa miaka minne, ambalo aliitwa uwanjani akifunga goli na bwalo likishangilia, nililitoa mimi. Nililitoa wiki ya kwanza, usiku, nikiwa kitanda cha juu, kwa sababu alisema anatoka Kibondo, na kwetu mtu wa Kibondo hakuwa na jina jingine. Yeye alicheka na wengine. Tulidhani amelipenda.

Pale mlangoni hakucheka wala hakunitazama. Alitua kuni, akasema uji uko tayari.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa nzuri. Jumatatu kulikuwa na ngoma za Saba Saba, watoto wangu wakacheza mpaka wakasahau baridi. Jioni, tulipokuwa tukipanda lori, mwenzangu alinishika mkono akasema, "Ahsante kwa ulivyomjibu mzee." Basi. Nilipofika Kigoma nilitafuta blanketi kwa kibali, nikalipata baada ya miezi miwili, nikampelekea mzee. Aliniandikia kwa mkono wa mwanawe kwamba amelipokea, na kwamba la zamani bado anajifunika, jipya amempa mjukuu.

Mzee alifariki miaka mingi iliyopita. Nami nimeendelea kukaa katika mikutano hii nikisikia jina lile likiitwa kutoka meza hadi meza, nisinyanyue kichwa. Kwenye orodha ya waalikwa wa leo kuna aliyeliandika kwenye mabano, ili tusimkosee, nadhani.

Yeye mwenyewe yupo hapa, meza ya pili, karibu na dirisha. Kabla sijasimama nilimwendea nikamwambia ninachotaka kusema, na kwamba nataka kumwomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipomkosea. Alinitazama kitambo. Akasema, "Sema. Lakini usirefushe, wali utapoa."

Basi nimesema. Mwenzangu, naomba radhi.