Jumba la Ajabu na milango ya Simbamwene



Juma hili mwanangu aliniuliza swali tukiwa tumeketi barazani, Uluguru umejifunika ukungu. "Baba, hapa Morogoro hapakuwa na jumba la mfalme?"

Nikamjibu kuwa lilikuwepo. Kisabengo alijenga mji wenye ngome hapa, ukarithiwa na binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta kuta za mawe na malango yenye milango iliyochongwa kwa ustadi. Mwaka uliofuata mafuriko yakabomoa sehemu ya ukuta.

"Milango hiyo iko wapi sasa?" Nikanyamaza.

Nikaikumbuka Unguja. Nikiwa mwandishi kijana niliingia Beit el Ajaib, Jumba la Ajabu, alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Manowari za Waingereza zilipoupiga mji mwaka 1896, majumba ya jirani yalibomoka, hili likasimama. Baadaye likawa makumbusho. Ndani palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya misumari. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akiwaonyesha wajukuu zake mishono ile, akiifuata kwa kidole kama mtu asomaye.

Mwaka 2012 jumba likafungwa kwa uchakavu. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, sehemu yake ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili wakafa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuongeza kwamba ukuta huo waweza kuua. Nyumba ya mawe na chokaa haianguki siku moja: maji hupenya darini, boriti huoza, chokaa hulegea, nasi tunapita chini yake kila siku.

Wapo wasemao, ya nini kuhangaikia jumba la sultani wakati zahanati hazina dawa? Hoja hiyo ni nzito, siidharau. Lakini sultani aliondoka mwaka 1964. Jumba likianguka, anayepoteza si yeye. Ni yule mzee na wajukuu zake.

Sisi wa Morogoro tunajua hasara hiyo. Milango yetu tunaisoma katika kitabu cha mgeni.

Hadi juma lijalo, kwaheri.