Si Kila Kijani ni Dawa: Daku, Chai na Vijiwe vya Figo

  

Ramadhani iliyopita nilikosea kwa nia njema. Ami yangu huchuma majani chai hapa Kericho. Chuo kilipofungwa nikamwambia, "Ami, daku lako niachie mimi." Kila usiku nikamsagia spinachi mbichi na bitiruti, glasi inajaa. Yeye akashushia turungi, maji hagusi, kisha mchana kutwa yuko shambani. Kumi la pili halijaisha, akashikwa na maumivu ya ubavu, tukamkimbiza hospitali. Vijiwe vya figo! Na haikuwa mara yake ya kwanza; mimi ndiye sikuuliza.

Daktari alisema vijiwe huchukua muda kukua, basi juisi yangu peke yake haikuvileta. Lakini nilikuwa naongeza kuni motoni. Vijiwe vingi hutokana na kalsiamu na oksaleti, na oksaleti imejaa katika spinachi, mchicha na bitiruti. Hata majani chai yanayo. Spinachi ikichemshwa na maji yake yakamwagwa, oksaleti hupungua sana. Blenda haimwagi kitu, yote unayanywa.

Msidhani ni porojo. Mwaka 2015 madaktari wa Arkansas, Marekani, waliandika habari za mtu wa miaka 56 aliyefeli figo. Alikuwa akinywa glasi 16 za chai baridi kila siku. Mwaka 2018 ikaandikwa habari ya mama wa miaka 65 aliyeharibikiwa figo baada ya kunywa juisi za kijani "kusafisha mwili". Yeye alikuwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, jambo linalozidisha hatari hiyo.

Je, sisi watu wa Kericho na Bomet tuache chai? La hasha. Chai yetu hupikwa na maziwa, na kalsiamu ya maziwa huishika oksaleti tumboni, ikatoka na choo. Kwa hiyo mwenye vijiwe asikimbie maziwa wala mursik. Wengi hukosea hapo.

Juisi ya kijani nayo ipo. Chukua majani mawili matatu ya sukuma wiki, ambayo oksaleti yake ni kidogo mno kuliko ya spinachi. Toa vikonyo, saga na tango, kipande cha nanasi, kikombe cha mtindi na ndimu. Usitie chumvi. Ila ambaye figo zake zimeshadhoofika amuulize daktari kwanza.

Na maji, jamani! Kunywa kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, usingoje adhana ya Alfajiri ndiyo ugugumie.

La mwisho. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ami alilia daktari alipomkataza kufunga, akaona haya mbele ya majirani. Tusimtazame mgonjwa kwa jicho baya. Mwili ni amana, na ruhusa ya Mola wetu ni rehema. Siku zake alizilipa kabla ya Rajabu, alhamdulillahi.

Kabla hujamsagia mzee wako chochote, muulize kwanza: "Una maradhi gani?"