Redio Inasema Njoo, Mlangoni Kuna Nini? Mada kwa Wahudumu wa Afya, Bujumbura



Mapema mwaka 2006, mjamzito wa Bujumbura aliyehimizwa akajifungulie hospitalini alikuwa na habari nyingine aliyoiamini zaidi: kuna mzazi aliyejifungua salama, kisha akazuiliwa wodini na kichanga chake kwa sababu hakulipa deni. Shirika la Human Rights Watch na chama cha haki za binadamu cha APRODH waliandika habari za wagonjwa waliozuiliwa hivyo mwaka huohuo. Himizo lilikuwa sahihi, ila bili ililishinda. Mei 2006 serikali ilipofuta malipo ya uzazi na ya matibabu ya watoto chini ya miaka 5, watu walifurika hospitalini hata wahudumu wakazidiwa.

Naanza na hilo kwa kuwa tukizungumzia ushawishi tunakimbilia lugha. Lugha inastahili kuzingatiwa. Daktari anaandika kwa Kifaransa, muuguzi anaeleza kwa Kirundi, na bibi wa mtaa wa Buyenzi anaisimulia dozi nyumbani kwa Kiswahili. Njiani hapo mengi yanaweza kupotea. Lakini hata neno lililotafsiriwa vizuri halimtibu mtu asipokuta kitu nyuma yake.

Tukumbuke korona. Machi 2020 msemaji wa serikali alisema Mungu anailinda Burundi. Mei, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakafukuzwa nchini. Juni 30, Rais Évariste Ndayishimiye akauita ugonjwa huo adui mkubwa wa taifa. Kauli iligeuka, na kugeuka kwake kulikuwa na uzito kwa sababu bei ya sabuni ya buluu ilipunguzwa kwa nusu na upimaji wa bure ukaanza Julai. Mama aliyeambiwa anawe mikono aliweza kununua cha kunawia.

Kuna pia ushahidi unaobebwa na mwili wenyewe. Jeanne Gapiya-Niyonzima alikuwa amefiwa na mtoto na mume. Katika miaka ya 1990, aliposikia kanisani kwamba wenye UKIMWI wanalipia dhambi zao, alisimama mbele ya waumini akasema ana virusi vya UKIMWI, na kwamba alikuwa mke mwaminifu. Hakuna Mrundi aliyekuwa amelisema hilo hadharani kabla yake. Naamini ujasiri ule ulifanya kazi ambayo mabango yetu hayakuiweza, kwani aibu humzuia mgonjwa kupimwa kama vile deni linavyomzuia kuja kujifungua. Na hakuwaacha watu na maneno matupu: chama chake cha ANSS, kilichoanzishwa 1993, kiliwapa upimaji, ushauri na matibabu katika kituo cha Turiho hapa mjini.

Napendekeza hivi: rasimu ya kila tangazo la redio ipite kwanza kwa mhasibu na kwa mtunza dawa wa kituo. Wathibitishe kwamba dawa ipo, na waseme bei yake. Bei hiyo ibandikwe mlangoni kwa Kirundi, na kwa Kiswahili pia huko Buyenzi na Bwiza, kabla redio haijamwita mtu.