Muthurwa: Kijiji cha Ukambani Kilichomo Nairobi



Tumealikwa kuzungumza juu ya mageuzi ya katiba, na huenda baadhi yenu wakastaajabu kuona tunaanza na mtaa mmoja wa Nairobi, hali tumekusanyika hapa Wote. Lakini ni boma gani katika Kitui na Makueni ambalo halijapata kuwa na mtu Muthurwa, au jirani na Muthurwa? Mabasi yetu yamekuwa yakishukisha watu katika kituo cha Machakos, ambacho kimepakana na mtaa huo. Ng'ambo, upande wa Eastleigh, kuna hata kitongoji cha mabati kiitwacho Kitui Ndogo. Jina hilo halikuletwa na upepo.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kabla ya kufika huko ilikwisha kupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, katika nchi ambayo tangu 1992 ilifanywa wilaya ya Makueni. Kwa hiyo garimoshi liliwapitia wazee wetu kabla hakujawa na mji wowote uitwao Nairobi. Utawala wa reli ulihitaji mahali pa kuwalaza vibarua, makuli na wapiga makasha wake, nao ukajenga Muthurwa: safu ndefu za vyumba, chumba kimoja kimoja, na bomba la maji na vyoo vya kushirikiana. Nyumba za namna hiyo ziliitwa landhi, na Barabara ya Landhies ingali inachukua jina lao.

Sisi mawakili tuna ada ya kuuliza: chumba hicho kilikuwa cha nani kisheria? Jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu leo. Chumba kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, chumba kimekwisha. Sheria ya kipande ya mwaka 1915 ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia, aliyekuja kuuza nguvu zake na ambaye shurti arudi kwao. Mshahara nao ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke. Ni mwaka 1954 tu ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilipopendekeza kwamba ujira wa chini upimwe kwa mahitaji ya familia.

Yaani kwa zaidi ya miaka hamsini mji ulimjengea mtu nusu. Nusu ya pili ilibaki Mwingi, Mutomo, Kilungu na Mbooni, ikichimba matuta katika mwethya, ikichota maji mtoni na kulea watoto. Wanauchumi walisema kwamba kazi ya Nairobi ilikuwa rahisi kwa mwajiri. Ilikuwa rahisi kwa sababu mama zetu waliilipia gharama zake, na hakuna kitabu cha hesabu cha reli kilichoandika deni hilo. Njaa ya 1961, ile tuliyoiita yua ya ndeke kwa ajili ya ndege zilizodondosha chakula, iliwafundisha watu kwamba mshahara wa mjini ndio ghala la pili. Njaa ya 1984 ikawafundisha somo chungu zaidi: kwamba mtu aweza kufa fedha zimo mkononi, maana nafaka yenyewe haikuwapo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Muthurwa palikuwa mahali pa huzuni tu. Mkamba aliishi ukuta kwa ukuta na Mluo na Mluhya, wakateka maji katika bomba moja, na watoto wao wakajua lugha tatu kabla ya kuingia shule. Palikuwa na vyama vya maziko vya kusafirisha maiti hadi nyumbani, chenye mwenyekiti kila kimoja, na mweka hazina ambaye hesabu yake ilisomwa mbele ya wote. Fikirini jambo hilo. Tangu Juni 1982 hata Desemba 1991 sheria ya Kenya iliruhusu chama kimoja tu cha siasa, na mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo kama wanafunzi. Lakini kuli wa reli alikuwa akimwondoa mweka hazina mlafi kwa kura katika chumba cha futi chache.

Basi si ajabu kwamba mageuzi yalichipuka pale. Mei 1950, baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Mei 1990 kijiji cha Muoroto, karibu na kituo kile kile cha mabasi, kilibomolewa, na viongozi wa dini wakakemea. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Julai, watu walimiminika Kamukunji, mwendo mfupi kutoka Muthurwa. Waliodai vyama vingi siku ile hawakuwa mawakili peke yao. Wengi walikuwa watu wasiojua kama usiku watakuta nyumba zao zimesimama.

Vyama vingi vikapatikana. Je, nyumba zikapatikana? Mwaka 2006 mali nyingi za reli zilitiwa chini ya hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa reli, Muthurwa ikiwemo. Julai 2010 wapangaji walipewa ilani ya siku 90 wahame. Maji yakakatwa, na ubomoaji ukaanza watu wangali ndani. Waliokwenda mahakamani walibahatika kwa jambo moja: tarehe 27 Agosti mwaka ule ule katiba mpya ilitangazwa, na kifungu cha 43 kinataja haki ya makao bora. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilivunjwa.

Tuseme kweli: mahakama haikuwapa nyumba. Iliwapa utaratibu. Wastaafu wa reli nao wana haki ya pensheni yao, na wengine wao ni wazee wa hapa hapa Makueni. Hatuwezi kujifanya hatuwaoni. Lakini utaratibu si kitu kidogo. Sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 2016 yadai ilani ya maandishi ya miezi mitatu, na mwenye kupewa ilani aweza kwenda mahakamani kabla tingatinga halijafika.

Kwa hiyo twayaomba makanisa mambo mawili. Mwenye mtoto au ndugu anayepanga mjini amwambie ahifadhi kila risiti ya kodi na kila barua ya ilani, kwa maana kesi hizi hupotea kwa kukosa karatasi. Na kamati ya haki ya kila parokia iandike majina ya watu wake wanaoishi mitaa ile, chumba kwa chumba, na nakala ibaki hapa nyumbani, mbali na moto na tingatinga.