Karatasi za Polisi Juu ya Maandamano, na Namna ya Kuziomba

(Maneno haya yalisemwa na katibu wa tawi mbele ya wanachama huko Kamere. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)

Najua Jumapili ndiyo siku ya kufua nguo na kuona watoto, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nataka kusema juu ya yule mtu mwenye kamera. Nyote mnamjua. Tukisimama kwenye geti kudai mshahara, yeye yuko ng'ambo ya barabara. Hana yunifomu, hasemi na mtu, anapiga picha nyuso zetu moja moja kama mtu anayehesabu mbuzi. Na mwezi wa Juni mwaka 2024, vijana wa hapa walipokwenda mjini kupinga Mswada wa Fedha, walirudi wakisema walimwona mtu wa namna hiyo hiyo. Kijana mmoja wa ploti yetu hakulala nyumbani wiki mbili. Hakuiba kitu wala hakupiga mtu. Aliogopa picha tu.

Hofu yake haikuwa ya bure. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitangaza tarehe 1 Julai 2024 ya kwamba watu 39 walikuwa wamekufa katika maandamano hayo, na watu 32 walikuwa wamechukuliwa wasijulikane waliko. Wengi walichukuliwa na watu wasio na yunifomu, kwa magari yasiyojulikana. Basi mtu anajiuliza: walijuaje nyumba ya fulani? Jina lake liliandikwa wapi, na nani?

Swali hilo ndilo limenileta hapa. Mimi nasema tuliulize kwa barua, si kwa kunong'onezana katika basi la kampuni.

Kwanza lazima mjue ya kwamba chama cha wafanya kazi katika nchi hii kimeandikwa na polisi tangu kilipozaliwa. Chege Kibachia aliongoza wafanya kazi wa Mombasa mwaka 1947. Mwaka huo huo alikamatwa, akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet, juu yetu hapa katika Bonde la Ufa. Makhan Singh alikamatwa mwezi wa Mei 1950, na hakuwa huru tena mpaka mwaka 1961. Mtu hawekwi kizuizini miaka kumi na moja bila faili. Wapelelezi wa Special Branch walikaa katika mikutano wakiandika, na karatasi zao ziliwekwa.

Na karatasi zikiwekwa, zinaweza kuonekana. Wazee wetu waliopigwa katika kambi za Emergency walipoishtaki serikali ya Uingereza kule London, ndipo ikajulikana, mwaka 2011, ya kwamba mafaili ya Kenya yaliyobebwa wakati wa Uhuru yalikuwa yamefichwa mahali panaitwa Hanslope Park. Miaka mingi watu walikuwa wakiambiwa hayako. Mwaka 2013 Waingereza walikubali kuwalipa wazee 5,228. Wale wazee wengi wao hawakusoma sana. Walikataa tu kuambiwa hakuna.

Sasa sisi hatuna haja ya kwenda London. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kusimama getini kwa amani bila silaha. Na mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupata Habari, Namba 31, ambayo inaeleza njia yenyewe. Nimeisoma usiku mingi, na taa ikizimika naendelea na simu. Nitawaambia yaliyo na faida.

Barua unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, upendavyo. Asiyejua kuandika, afisa ni lazima amsaidie, aandike maneno yake. Hakuna ada ya kuomba. Utalipa gharama ya kutoa nakala tu. Nao wana siku 21 za kujibu. Wanaweza kuongeza siku 14 mara moja, si zaidi. Lakini neno hili mlishike: ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Mama ambaye kijana wake amechukuliwa usiku asingoje siku 21. Aandike juu kabisa ya barua, kwa herufi kubwa, ya kwamba ni jambo la uhai na uhuru.

Mkuu wa ofisi ndiye mwenye wajibu, kwa hivyo barua inakwenda kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na nakala kwa OCS. Ile nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Bila muhuri, siku hazihesabiki, na watasema hawakukuona.

Mimi mwenyewe nilipeleka barua kituo kimoja, sitakitaja. Askari wa mezani akaniuliza, "Nani amekutuma?" Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa. Ningejua siku ile ninalojua leo, ningemjibu: sheria inasema sababu ya kuomba si kitu, wala fikira za afisa juu ya sababu yangu si kitu. Nilirudi nyumbani na barua mfukoni. Naona haya kulisema, lakini nalisema.

Tena msiandike, "Nataka kujua kwa nini polisi wanatuonea." Hilo ni kweli, lakini si ombi la karatasi, nao watajibu kwa maneno matamu. Ombeni kitu chenye umbo. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka anayeitisha maandamano apeleke notisi siku tatu mbele au zaidi, isipite siku 14, na OCS awe na daftari la notisi hizo. Ombeni nakala ya ukurasa wa siku ile. Ombeni namba ya OB. Ombeni amri ya kazi ya siku ile: askari wangapi walitumwa, wa kikosi gani, mabomu mangapi ya machozi yalitolewa stoo na mangapi yakarudi. Ombeni agizo linalosema picha za waandamanaji zinapigwa na nani, zinawekwa wapi, kwa muda gani, na nani anapewa. Kwa picha yako mwenyewe, taja pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayokupa haki ya kuona yaliyoandikwa juu yako.

Sitawadanganya. Watatoa neno "usalama wa taifa". Kifungu cha 6 kinawaruhusu kukataa mambo ya upelelezi, njia zake na watu wake. Jina la mpelelezi hamtapewa, na msilipoteze ombi zuri kwa kulidai. Lakini idadi ya mabomu ya machozi si siri ya vita. Na kifungu hicho hicho kinasema, faida ya watu wote ikizidi madhara, habari itolewe.

Wakikataa, au wakinyamaza, maana kunyamaza ni kukataa kwa sheria, unazo siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman. Tume inaweza kuwaamuru watoe. Baada yake iko Mahakama Kuu.

Kuna aliyeniuliza kama chama kiandike kwa jina lake. Haki hii ni ya raia. Naona afadhali kila mtu aliyekuwako aandike kwa jina lake na namba ya kitambulisho, na chama kimsaidie stempu na wakili. Najua ni jambo la kuogofya, kuwapa jina lako watu unaoogopa wanalo. Ndiyo maana tusiandike mmoja. Mpaka sasa ninao kumi na wanne, na la kwanza ni langu.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni, baada ya zamu, nitakuwa hapa na karatasi. Mwenye karatasi ya mashtaka au namba ya OB aje nayo. Mama wa yule kijana wa ploti yetu tutaanza na yeye.